Je, Wajua? Kizibo cha Bia, Meno 21 na Mashine ya Kujiundia Nyumbani

Kukifungua kizibo ni kazi ya sekunde moja. Kukifunga kisivuje, ndiko kwenye ufundi. Watu wanaopika bia nyumbani, hasa Marekani na Ulaya, wamezoea kujiundia mashine za kufungia vizibo kwa mbao, vyuma chakavu na kipande kimoja cha chuma kilichochongwa kwa makini. Haya hapa mambo ya kujua kuhusu kizibo hicho, mashine yake, na bia inayongoja ndani ya chupa. Utaona kwamba nguvu ya kufungia hupatikana kwa urahisi. Kinachotafutwa kwa jasho ni kipimo.

KIZIBO KILIKOTOKA

1. Kizibo cha chuma chenye meno kilibuniwa na William Painter wa Baltimore, Marekani. Alipewa hataza yake tarehe 2 Februari 1892, na kampuni ya kukitengeneza, Crown Cork & Seal, ikaanzishwa katika mji huohuo. Umbo lake la msingi limebaki lilelile kwa zaidi ya miaka 130.

2. Kabla yake, kufunga kinywaji chenye gesi kulikuwa mtihani. Mwingereza Hiram Codd alipata hataza ya chupa yenye gololi ya kioo shingoni mwaka 1872: gesi yenyewe iliisukuma gololi juu ikaziba mdomo. Mwaka 1875 Charles de Quillfeldt alipata hataza Marekani ya kizibo cha waya kinachobinuliwa kwa kidole gumba. Vyote viwili vilifanya kazi, lakini vilikuwa na vipande vingi na vilihitaji kusafishwa kila mara. Kizibo cha Painter kilikuwa cha kutumia mara moja na kutupa.

3. Vizibo vya mwanzo vilikuwa na meno 24. Vya leo vina meno 21. Chukua kimoja uhesabu: awe mtengenezaji wa soda au wa bia, idadi ni hiyohiyo.

4. Painter aliweka ndani ya kizibo kisahani chembamba cha gome la mwaloni wa koki, mti unaostawi Ureno na Hispania, kikiwa na karatasi juu yake ili chuma kisiguse kinywaji. Kuanzia miaka ya 1960 gome hilo likaachia nafasi utando wa plastiki. Kumbuka hili: kinachozuia gesi ni utando huo laini. Kazi ya chuma ni kuukandamiza juu ya mdomo wa kioo na kuushikilia hapo.

5. Mmoja wa wauzaji waliozunguka kunadi vizibo vya Painter aliitwa King Camp Gillette. Painter alimshauri abuni kitu ambacho mtu hukitumia, hukitupa, kisha hurudi kununua kingine. Gillette akaja na wembe wa kutupa, na hataza yake ikatolewa mwaka 1904.

6. Kifaa cha kufungulia nacho kilihitaji akili. Mwaka 1894 Painter alipata hataza ya kifungulio cha chupa zenye vizibo vyake. Ni wenzo mdogo: ncha moja inaegemea juu ya kizibo, mdomo wa pili unanasa chini ya meno, mkono unanyanyua.

7. Wenye viwanda vidogo walisita kununua vizibo kwa kuwa hawakuwa na chombo cha kuvifunga. Kufikia mwaka 1898 Painter alikuwa na mashine ya kufungia inayokanyagwa kwa mguu, isiyohitaji mvuke wala umeme. Mashine za watu binafsi za leo ni wajukuu wa fikra hiyo: mwili wa mtu, wenzo, na kikombe cha chuma.

BIA YA NYUMBANI NA SHERIA

8. Marekani ilipiga marufuku utengenezaji na uuzaji wa pombe kuanzia 1920 hadi 1933. Bia haikuisha, ilihamia majumbani. Sharubati nzito ya kimea iliendelea kuuzwa madukani, na mashine ndogo za kufungia vizibo zikawa kifaa cha jikoni. Baadhi ya zile za chuma cha kuyeyushwa zilizoundwa zamani zile bado zinafunga chupa hadi leo.

9. Mwaka 1930 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Danovitz, iliamua kwamba serikali inaweza kutaifisha hata mapipa, chupa, vizibo na lebo zilizowekwa dukani kwa nia ya kuwauzia watengenezaji wa pombe haramu. Chupa tupu ilikuwa inaweza kumfilisi mtu.

10. Marufuku ilipoondoka, divai ya nyumbani ilihalalishwa, bia ikasahauliwa. Wapikaji wa bia walisubiri hadi Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter aliposaini sheria iliyoanza kutumika Februari 1979. Iliruhusu galoni 100 kwa mwaka kwa nyumba yenye mtu mzima mmoja, na 200 kwa nyumba yenye wawili au zaidi, bila kodi na bila kuuza. Galoni 200 ni takriban lita 757. Hata hivyo majimbo yalibaki na sauti yake: Mississippi na Alabama yaliruhusu mwaka 2013 tu.

11. Uingereza ilitangulia. Tangu 1880 aliyepika bia nyumbani alipaswa kuwa na leseni. Mwaka 1963 Waziri wa Fedha Reginald Maudling aliifuta leseni hiyo, na ufundi ukachanua kwenye magereji na vibanda vya bustanini.

12. Japani bado inakataza. Mtu binafsi asiye na leseni haruhusiwi kutengeneza kinywaji chenye kilevi cha asilimia 1 au zaidi.

VIPIMO VISIVYOSAMEHE

13. Kizibo cha kawaida huitwa cha milimita 26, kwa kufuata mdomo wa chupa kinaoufunga. Kabla ya kufungwa, upana wake kutoka ncha ya jino hadi ncha ya jino la upande wa pili ni karibu milimita 32. Kikishafungwa sawasawa hubaki karibu milimita 28.7. Kazi nzima ya mashine yako, kwa hiyo, ni kupunguza milimita tatu na kitu pande zote kwa pamoja.

14. Uvumilivu wake ni mdogo mno. Kati ya kizibo kilichofungwa vizuri na kilicholegea kuna tofauti ya sehemu moja au mbili za kumi za milimita. Macho hayaioni tofauti hiyo, lakini gesi huiona.

15. Chuma chake ni chembamba, karibu robo ya milimita, kilichopakwa bati au kromiamu kisishike kutu. Ndiyo maana kinakunjika bila kupasuka.

16. Chuma kikikunjwa kisha kikiachiwa, hurudi nyuma kidogo. Kwa sababu hiyo kikombe cha kubania huchongwa chembamba kidogo kuliko kipimo cha mwisho kinachotakiwa. Anayechonga kikombe cha milimita 28.7 kamili atapata vizibo vipana kuliko alivyokusudia.

17. Tundu la mdomo wa chupa lina upana wa karibu milimita 16, yaani eneo la takriban sentimita 2 za mraba. Bia iliyoiva chupani, ikiwa kwenye nyuzi joto 20, husukuma kizibo kwa shinikizo linalokaribia lile la tairi la gari dogo. Kwa eneo hilo, ni sawa na uzito wa kilo 4 ukisukuma kwenda juu usiku na mchana, kwa wiki na miezi. Yanayouzuia ni meno 21.

18. Si kila chupa ni ya milimita 26. Chupa za shampeni na baadhi ya chupa za bia za Ubelgiji na Italia zina mdomo wa milimita 29. Ukilazimisha kizibo kidogo juu yake, utavunja shingo. Pima mdomo kabla ya kuchonga kikombe.

19. Chupa yenye hesi za kuzungushia kifuniko nayo haifai kwa kazi hii. Kizibo cha kubana hutaka ukingo mviringo, laini, usio na ngazi, ili meno yapate pa kushikia.

KUIUNDA MASHINE

20. Moyo wa mashine ni wenzo, na hesabu yake ni ya darasani. Weka mpini unaofika sentimita 60 kutoka kwenye egemeo. Fungia kikombe sentimita 5 kutoka kwenye egemeo hilohilo. Sitini gawanya kwa tano ni 12. Ukisukuma mpini kwa nguvu ya kilo 20, kikombe kinakandamiza kizibo kwa nguvu ya kilo 240. Malipo yake ni mwendo: ili kikombe kishuke sentimita 1, mkono wako hushuka 12. Hakuna umeme, hakuna mota, hakuna mafuta ya haidroli.

21. Hapa ndipo wengi wanapokwama: ncha ya wenzo haishuki wima, inachora tao. Ukifunga kikombe moja kwa moja kwenye mpini, kitakandamiza upande mmoja wa kizibo kabla ya mwingine. Dawa ni kukitia kikombe kwenye fimbo inayoteleza ndani ya bomba lililosimama wima, kisha kuunganisha fimbo na mpini kwa kiungo kifupi chenye bolti mbili. Kiungo kinayumba, fimbo inashuka mstari mmoja.

22. Pengo kati ya fimbo na bomba lake liwe dogo kadiri fimbo inavyoweza kuteleza. Paka grisi. Fimbo ikicheza ndani ya bomba, meno ya upande mmoja yatakunjwa mno na ya upande wa pili yatabaki wazi.

23. Kikombe chenyewe hakichongwi kwa msasa na subira. Mpelekee fundi wa lathe, mashine ya kukerezea chuma. Mwambie mdomo wa kikombe uwe umetanuka kidogo ili uyapokee meno yakiwa bado wazi, kisha upungue kwa mteremko laini hadi kwenye koo la kipimo cha mwisho. Mteremko wenye ngazi hukata chuma. Mteremko laini hukikunja.

24. Ndani ya kikombe pang'arishwe. Mkwaruzo mdogo hukwangua rangi na bati kwenye kizibo, na kizibo kilichokwanguliwa hushika kutu kwenye unyevu wa friji au ndoo ya barafu.

25. Sumaku ndogo iliyozamishwa katikati ya kikombe hukishikilia kizibo kikiwa kimeelekea chini, kwa kuwa kizibo ni chuma. Mkono mmoja unabaki huru kushika chupa. Sumaku isichomoze, ikichomoza, itaacha kibonyeo juu ya kizibo.

26. Springi inayovuta mpini juu huokoa mkono. Baada ya kila chupa mashine hujiweka tayari yenyewe, na kikombe hakiendelei kuikandamiza chupa wakati wewe unageuka kuchukua nyingine.

27. Chupa hazilingani kimo. Nguzo ya bomba la mraba iliyotobolewa matundu, na kichwa cha mashine kinachofungwa kwa pini, hukuwezesha kuhamia kutoka chupa fupi hadi ndefu kwa dakika moja. Panga kimo ili mpini umalize kazi ukiwa karibu na ulalo wa sakafu. Hapo ndipo uzito wa mwili wako unaposukuma wote kwenda chini bila kuivuta mashine kuelekea kwako.

28. Kitako cha mbao ngumu chenye shimo la kina kifupi huiweka chupa katikati kila mara. Tandika mpira ndani ya shimo: kioo juu ya kitako kigumu kitupu hupasukia chini, na mpasuko wa chini hauonekani hadi bia imwagike.

29. Mbao zinatosha kwa nguzo na kitako, mradi zisipinde. Ukikandamiza mpini na kuona nguzo inainama nyuma, nguvu yako inaishia kwenye ubao badala ya kwenye meno. Ongeza ubao wa pili mgongoni au mwombe fundi wa kuchomelea akuungie nguzo ya chuma.

30. Wenye mashine ya kutobolea ya mezani wana njia ya mkato. Hufunga kikombe mahali pa keekee, huchomoa waya wa umeme, na kutumia mpini wa mashine ileile kukandamiza. Hupata fimbo iliyonyooka bila kuchomelea chochote.

31. Jeki ya gari inatamanisha, lakini si rafiki wa kioo. Jeki haikupi hisia mkononi: huwezi kujua lini meno yamekunjika na lini shingo ya chupa imeanza kubeba mzigo. Mpini hukuambia. Unausikia ukilainika, kisha unagonga ukomo.

32. Kufunga kwa nyundo na kikombe cha mkononi kulikuwapo, na kulivunja chupa nyingi. Pigo hupita kwenye kioo kwa mshtuko. Mkandamizo wa wenzo huongezeka polepole. Kioo huvumilia mzigo mkubwa unaokuja taratibu, na hushindwa na mdogo unaokuja kwa ghafla.

33. Mashine ya mikono miwili inayouzwa madukani hushika ukingo wa shingo kutoka chini, kisha huvuta kizibo chini kuelekea ukingo huo. Chupa isiyo na ukingo mnene haiwezi kushikwa. Mashine ya kusimama juu ya meza haitegemei ukingo, na ndiyo sababu wanaojiundia huichagua.

KUIPIMA KAZI YAKO

34. Kipimo bora ni bamba la chuma lenye matundu mawili: moja la milimita 28.8, la pili la 28.6. Kizibo kilichofungwa vizuri hupita kwenye tundu kubwa na hukataa kupita kwenye dogo. Kikikwama kwenye kubwa, kimelegea. Kikipita kwenye dogo, kimebanwa mno, na utando wake huenda umekatika. Mwombe fundi yuleyule wa lathe akutengenezee bamba hilo siku anapochonga kikombe.

35. Huna bamba? Jaribu kukizungusha kizibo kwa vidole vikavu. Kikizunguka, anza upya. Kisha chovya chupa tupu iliyofungwa ndani ya maji ya vuguvugu hadi shingoni na kichwani. Hewa ya ndani itatanuka. Mapovu yakitoka chini ya meno, mashine yako bado haijafika.

36. Jaribu kwanza kwa chupa za maji, wala si za bia. Na vaa miwani ya kazi na glavu nene: chupa inayovunjika chini ya mpini huvunjikia mkononi.

37. Kizibo kilichokwisha kufunguliwa hakirudi kazini. Kifungulio hukipinda katikati, na utando wake tayari umekwisha kushika alama ya mdomo mwingine. Chupa hutumika tena na tena. Kizibo, mara moja.

NDANI YA CHUPA

38. Gesi ya bia ya nyumbani haitoki kwenye mtungi. Mpikaji huongeza sukari kidogo bia inapokwisha kuchacha, hufunga, na hamira iliyobaki hula sukari hiyo na kutoa hewa ya ukaa isiyo na pa kutokea. Kizibo kikilegea hata kidogo, wiki mbili za kungoja zinaishia kwenye bia iliyopooza.

39. Hesabu ya sukari ni hii. Bia nyingi hupendeza pale lita 1 inapobeba lita 2.5 za hewa ya ukaa. Bia iliyochacha kwenye nyuzi joto 20 tayari inabaki na karibu 0.85. Zinazokosekana ni 1.65, na gramu 4 hivi za sukari ya mezani kwa kila lita ya bia huongeza lita 1 ya gesi. Kwa hiyo ni gramu 6.6 kwa lita, na kwa ndoo ya lita 20 ni karibu gramu 130. Pima kwa mizani. Vijiko havina msimamo.

40. Chupa inapopasuka, wa kwanza kulaumiwa ni kizibo au mashine. Mara nyingi mkosaji ni papara. Bia iliyofungwa kabla ya kumaliza kuchacha ina sukari yake yenyewe, juu ya ile uliyoongeza. Haidromita, kifaa cha kupima uzito wa kimiminika, ikitoa somo lilelile kwa siku tatu mfululizo, na somo hilo liwe la chini kama ulivyotarajia, ndipo uguse mpini.

41. Onyo kwa wapenzi wa tangawizi ya nyumbani: kinywaji chenye gramu 100 za sukari kwa lita na hamira hai kina uwezo wa kuzalisha gesi mara kumi ya ile ya bia. Chupa ya kioo iliyofungwa kwa kizibo kizuri haitafika huko, itapasuka njiani. Tumia chupa ya plastiki, ibonyeze kila siku, na ikishakuwa ngumu iweke kwenye baridi.

42. Nafasi ya sentimita 2 hadi 3 huachwa kati ya bia na kizibo. Hewa iliyomo humo ina oksijeni, na oksijeni huchakaza ladha. Viwandani hurusha mchirizi mwembamba wa maji ili bia itoe povu lisukume hewa nje, kisha kizibo hufungwa juu ya povu hilohilo. Nyumbani, igonge chupa kidogo, povu lipande, ndipo ukandamize.

43. Joto la kuivisha chupa ni nyuzi 20 hadi 25, mahali pa giza, ndani ya kasha lililofunikwa. Giza lina sababu: mwanga hubomoa sehemu ya hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, na kuzaa harufu mbaya inayotambulika mara moja. Kioo cha kahawia huzuia mwanga huo vizuri zaidi kuliko cha kijani au cheupe.

44. Uhakika wa hamira ni tunda la maabara. Mwaka 1883, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, Emil Christian Hansen alifaulu kukuza hamira ya bia kutokana na seli moja tu. Kabla ya hapo kila pipa lilikuwa na mchanganyiko usiotabirika. Hesabu ya sukari kwa gramu isingewezekana kwa hamira isiyojulikana.

45. Viwanda vikubwa vya leo vina mashine zinazofunga zaidi ya chupa 60,000 kwa saa, vikombe vingi vikizunguka kwa pamoja. Kila kimoja kinafanya lile linalofanywa na kikombe chako: kushuka wima, kukunja meno 21 kwa pamoja, kupanda.

NA HUKU KWETU

46. Mbege ya Kilimanjaro, inayopikwa kwa ndizi na ulezi na kutiwa uchungu kwa gome la msesewe, haifungwi kwa kizibo. Ni pombe hai, inaendelea kuchacha wakati inanywewa. Kuifunga kwa nguvu katika chupa ya kioo ni kutega bomu.

47. Muratina ya Wakikuyu hutegemea tunda la mwegea lililokaushwa, ambalo hubeba hamira kutoka upishi mmoja hadi mwingine. Nayo hutaka kupumua. Walioanzisha pombe hizi walijua tabia ya gesi yake, wakaziwekea vyombo vya mdomo wazi.

48. Vizibo vya soda na bia ni kete za drafti kutoka Mombasa hadi Bujumbura. Upande mmoja huvilaza kifudifudi, upande wa pili chali, mchezo ukaanza. Ubao unachorwa kwenye kadibodi, na hakuna anayepungukiwa kete.

49. Mashine hii haijui pombe wala soda. Juisi iliyochemshwa na kujazwa ikiwa moto kwenye chupa iliyopashwa joto hufungwa kwa kizibo kilekile, na nyumba isiyonywa pombe inaweza kuitumia mwaka mzima. Ukitaka kupika bia, na hasa kuuza, ulizia kwanza sheria na leseni za unapoishi. Kila nchi ina zake.

50. Ukiwa na fedha kidogo za kugawa, zigawe hivi: mbao za bei nafuu, bolti za kawaida, mpini wa bomba lililookotwa, na zote zilizobaki zimwendee fundi wa lathe. Nguzo ya mbao ikikwaruzika, bia haitajua. Kikombe kikikosea sehemu tatu za kumi za milimita, kila chupa itajua. Kwa hiyo pima mara tatu, chonga mara moja, na usijaze chupa hata moja ya bia kabla bamba lako la matundu mawili halijakubali vizibo kumi mfululizo.